Keekee ya betri ya kutobolea barafu: betri ilale ndani, keekee ilale nje

Ukiingia ziwa Mille Lacs, hapa Minnesota, Marekani, alfajiri ya Jumamosi ya Januari, hukosi kumkuta mtu kasimama juu ya barafu na keekee mpya ya dola mia sita, anabonyeza swichi na chuma hakizunguki. Jirani yangu mmoja, Mkongo wa Uvira, alinipigia simu akiwa papo hapo. "Kaka, hii mashine wameniuzia mbovu." Nikamuuliza betri ililala wapi. "Si ndani ya gari?" Usiku ule ulikuwa wa nyuzi 27 chini ya sifuri. Nikamwambia aichomoe, aitie kwapani ndani ya jaketi, anywe chai yake taratibu, kisha ajaribu tena. Baada ya nusu saa akanitumia picha ya shimo. Maneno hakuandika.

Mimi ni mtu wa Musoma, nimekulia kando ya Ziwa Victoria, na hapa Minnesota ni fundi wa nyumba za kupanga: vitasa, mabomba, hita zinazokufa usiku wa manane. Drili ya betri ndiyo inayonipa ugali, na barafuni nimeingia nayo hiyo hiyo. Haya nayaandika kwa ajili ya wenzangu wanaojua kuvua tangu utotoni lakini hawajawahi kuvua kwenye ziwa lililofunikwa. Mshipi, ndoana na subira mnavyo tayari. Mnachohitaji ni kujua mashine na baridi.

Kwanza mtaimbo

Usianze na keekee. Anza na mtaimbo wenye ncha bapa, ugonge mbele yako unapotembea. Ukipenya kwa pigo moja au mawili, geuka urudi kwa njia ile ile uliyojia, bila kubishana na mtu. Ukigoma, hapo ndipo utoboe shimo la kupimia na uteremshe kipimo.

Nitasema kwa inchi kwa sababu hapa kila kitu kinauzwa kwa inchi (moja ni sentimita mbili na nusu). Idara ya Maliasili ya Minnesota, DNR, inashauri hivi: chini ya inchi 4 usikanyage kabisa; inchi 4 kwa mtu wa miguu; 5 hadi 7 kwa pikipiki ya theluji; 9 hadi 10 kwa gari dogo; 13 kwa pikapu. Hesabu hizo ni za barafu mpya, ngumu, unayoweza kuona ndani yake. Barafu nyeupe, ile iliyochanganyika na theluji, nguvu yake ni kama nusu, kwa hiyo inchi 4 zinakuwa 8. Upime tena kila baada ya mita 45 hivi, maana ziwa haligandi sawasawa: penye chemchemi, penye mkondo, karibu na matete, unene hubadilika ghafla. Kuona pikapu ya mwenzako imeegeshwa mbele si kipimo. Desemba 2023, kule Upper Red Lake (Red Lake ya juu), watu zaidi ya 100 ilibidi waokolewe baada ya kipande cha barafu walichokuwa juu yake kumeguka na kuachana na ufuko. Naamini wengi wao waliona wenzao wako mbele.

Vaa jaketi okozi, ila si ukiwa ndani ya gari, litakuzuia kutoka gari likizama. Shingoni ning'iniza vile vishikio viwili vyenye misumari ya kujivutia juu ukitumbukia. Usiende peke yako.

Ununue nini

Za petroli sizisemi vibaya, zinatoboa vizuri hata baridi ya kutisha. Lakini zina uzito, kelele na moshi, na ukitaka kutoboa ndani ya hema moshi huo unaupumua mwenyewe. Kwa betri una njia mbili.

Njia ya kwanza ni keekee iliyoundwa na mota yake, yenye mikono miwili ya kushikia. Chapa ya ION ilitoa ya kwake mwanzoni mwa muongo uliopita, StrikeMaster na wengine wakafuata, na nyingi huandikwa volti 40. Hiyo 40 ni volti ya betri ikiwa imetoka kwenye chaja tu. Volti yake ya kazini ni 36. Bei ni dola 500 na kuendelea. Kama unavua kila wikendi na ziwa lako hufikisha barafu ya futi mbili au tatu, nunua hiyo na usihangaike.

Njia ya pili ndiyo yangu: unanunua keekee tupu, ile ya aluminiamu au plastiki yenye visu vya chuma, dola 150 hadi 250, unaifunga kwenye mdomo wa drili uliyonayo. Lakini drili si yoyote tu. Ile ndogo ya kufungia skrubu za kabati itaungua siku ya kwanza. Tafuta ya volti 18 (zilizoandikwa 20 ni zile zile), mota isiyo na brashi za kaboni (brushless), nguvu ya kuzungusha isiyopungua Nm (nyutoni-mita) 80, na iwe na mkono wa pembeni. Mkono huo wa pembeni ndio utakaookoa kifundo cha mkono wako, nitaeleza kwa nini.

Kipenyo cha shimo kina hesabu ambayo muuzaji hakuambii. Shimo la inchi 8 kwenye barafu ya inchi 20 ni kama kilo 15 za barafu unayoisaga na kuitoa. La inchi 6, unene ule ule, ni kilo 8 na kitu. La inchi 10 linafika kilo 23. Yaani kupanda kutoka inchi 6 hadi 8 tu kunaila betri karibu mara mbili. Samaki wa kawaida wa hapa, perch na crappie, na walleye wengi tu, wanapita kwenye shimo la inchi 6 bila shida. Mimi ninayo ya 8 kwa sababu napenda northern pike, na yule akija na kichwa chake ukiwa na shimo dogo mtatazamana tu. Mwenye drili ya volti 18 aanze na 6.

Betri usitazame volti peke yake. Zidisha volti kwa ile namba yenye herufi Ah pembeni, utapata wati-saa, ambayo ndiyo kazi iliyomo ndani. Volti 18 mara Ah 5 ni wati-saa 90. Volti 18 mara Ah 12 ni 216. Volti 36 mara Ah 5 ni 180. Betri kubwa ina faida nyingine kwenye baridi: mzigo unagawanyika kwa seli nyingi, kila moja inabanwa kidogo, na yenyewe inapoa polepole. Nikilazimika kuchagua, nachukua mbili za wastani kuliko moja kubwa, ili moja iwe kazini na ya pili iwe mwilini.

Betri na baridi

Hapa ndipo watu wanaponiudhi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ndani ya betri ya lithiamu kuna maji ya kemikali ambayo chaji hupita ndani yake. Baridi ikiwa kali maji hayo huwa mazito na chaji hupita kwa tabu. Ukiwasha taa ndogo huoni tofauti. Ukiitaka itoe nguvu nyingi kwa mpigo, kama kusaga barafu, volti inaanguka, na saketi ya ulinzi iliyo ndani ya betri inakata umeme ili seli zisiumie. Ndiyo maana utaona taa tatu za chaji zinawaka na mashine haizunguki. Chaji imo, haitoki. Kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri betri inaweza kukupa nusu tu ya ilichokuwa ikikupa sebuleni.

Kwa hiyo betri yangu inalala ndani ya nyumba, imechajiwa mpaka juu, na asubuhi inasafiri kwenye deli. Ndiyo, deli lile lile la kubebea samaki. Kisanduku kinachozuia joto lisiingie kinazuia pia lisitoke. Ndani naweka chupa ya maji ya moto iliyozungushiwa taulo, betri juu yake, kifuniko kinafungwa. Wapo wanaotumia vile vifuko vya joto vya mfukoni. Vinafaa, lakini ndani yake mna unga wa chuma unaopata joto kwa kuvuta hewa, na ukivifungia kwenye deli lisilopitisha hewa vinazima. Acha kifuniko wazi kidogo. Maji ya moto hayana masharti hayo.

Drili nayo naiweka humo humo, maana grisi ya gia zake ikiganda inaipa mota mzigo kabla hata ya kugusa barafu. Ikiwa yako ni ya mota yake haiingii kwenye deli. Izungushe hewani sekunde kumi hivi kabla ya kuanza.

Ile keekee yenyewe, chuma chenye visu, iache nje usiku kucha, nyuma ya pikapu au kwenye veranda. Ukiitoa kwenye joto ukaisimamisha kwenye theluji, theluji inayeyuka juu ya visu, kisha inaganda tena na kuacha utando mwembamba wa barafu kwenye makali. Utabonyeza, itazunguka vizuri kabisa, na haitang'ata. Huo utando macho hayauoni. Ni kidole tu kingeuona, na kidole usipeleke huko.

Usiipashe betri moto juu ya jiko la gesi wala mbele ya feni ya hita ya gari iliyofunguliwa mpaka mwisho. Joto la mwili linatosha. Na neno moja kubwa kuliko yote: usichaji betri iliyoganda. Chini ya nyuzi 0 lithiamu haiingii ndani ya seli inavyopaswa, inajipaka juu kama chuma, na uharibifu huo haurudi nyuma. Chaja nzuri hukataa na kupepesa taa mpaka betri ipate joto. Chaja ya bei ya chini inaweza isikatae. Mimi nikirudi naiweka betri mezani jikoni, naifuta unyevu unaojitengeneza juu yake, tunakula, watoto wanalala, ndipo naichomeka.

Kutoboa

Pangusa theluji kwa mguu mpaka uone barafu. Vaa vile vyuma vya kufunga chini ya viatu. Kuteleza ukiwa umeshika mashine inayozunguka hakufai kabisa. Skafu, mtandio, kamba za kofia, vyote viingie ndani ya jaketi. Dada zetu wanaokuja na kitenge juu ya suruali nzito, kifungeni vizuri au kiacheni kwenye gari. Keekee haichagui cha kukamata.

Miguu ipanue, keekee isimame wima. Kwenye drili weka gia ya kwanza, ile ya polepole yenye nguvu, na klachi iwe kwenye alama ya kutobolea. Mkono mmoja kwenye swichi, wa pili kwenye mkono wa pembeni, kiwiko karibu na ubavu. Anza polepole mpaka visu vichore duara lao, ndipo ufungulie. Usikandamize. Uzito wa mashine unatosha, na ukijilazia juu yake unaila betri bure na mota inapata moto.

Sikiliza. Visu vizuri vina sauti ya mkwaruzo wa moja kwa moja na vinatoa mapande bapa ya barafu, yanamwagika pembeni yamelegea. Ukiona kinachotoka ni cheupe laini kama unga wa sembe, visu vimekufa au vimeganda. Katikati ya safari, hasa barafu ikiwa nene, inua keekee kidogo bila kuizima ili mapande yapande juu. Yakijazana kwenye mapezi yake yaliyojisokota yanabana na betri inaanza kulalamika.

Sasa pale chini. Inchi ya mwisho sauti inabadilika, inakuwa nzito, halafu maji yanachomoza. Hapo ndipo keekee hupenda kudaka ukingo wa chini na kusimama ghafla. Inaposimama na mota bado inasukuma, kinachozunguka ni drili, na drili iko mkononi mwako. Vifundo vimevunjika hivyo. Ukisikia sauti imebadilika, legeza swichi, shika mkono wa pembeni kwa nguvu, malizia polepole. Ukishatoboa, zungusha kinyume kidogo kuusukuma uji wa barafu chini, kisha vuta keekee juu mara moja bila kusita, itatoka na uji mwingi uliobaki. Kinachosalia kitoe kwa upawa wa matundu.

Mwenye kutumia drili asisahau kisahani cha plastiki kinachokaa juu ya keekee, kipana kuliko shimo. Mdomo wa drili ukilegea, na kwa mtikisiko ule hulegea, keekee bila kisahani inashuka mpaka sakafuni mwa ziwa. Mille Lacs penye kina kirefu ni kama mita 13. Hakuna atakayekupigia mbizi Januari.

Ushauri wangu ambao wenyeji wengine hawaufuati: toboa mashimo yako yote kwa mkupuo, asubuhi, kabla ya kuteremsha mshipi wowote. Betri ikifanya kazi mfululizo inajipasha joto yenyewe, wakati ile inayotoboa shimo moja kisha ikaachwa saa nzima juu ya theluji inaanza kila shimo ikiwa baridi. Pia kwenye maji mafupi kelele huwafukuza samaki, hivyo ni heri waisikie mara moja, watulie, nawe utulie. Ukimaliza, betri ichomoe, irudi kwenye deli. Isibaki kwenye mashine hata kama umechoka.

Shimo la jana lililoganda upya liache. Visu vya kukwangua vikikutana na ukingo wa zamani vinayumba na kudaka. Sogea hatua mbili, toboa jipya.

Visu

Visu viwili hutoka pamoja, vimenolewa kwa pembe moja, na hubadilishwa pamoja. Kuweka kimoja kipya na kimoja cha zamani ni kuifanya keekee ipige mateke. Adui yao mkubwa ni mchanga. Karibu na ufuko, au mahali magari yanapoingilia, barafu ina mchanga uliomwagwa na matairi, na shimo moja hapo linatosha kukumalizia makali ya msimu mzima. Vivyo hivyo kwenye maji mafupi mno: ukipitiliza ukagusa sakafu, kazi imekwisha.

Kila ukitoka kwenye shimo, izungushe hewani sekunde mbili tatu irushe maji, mbali na watu, kisha vika kifuniko cha visu. Usiigonge kwenye barafu ili iache theluji. Kila anayefanya hivyo humwona fundi wa kunoa kabla ya Februari. Visu vikishaganda, ichovye keekee kwenye shimo lililo wazi na uiache kidogo. Maji ya ziwa hayashuki chini ya sifuri, kwa hiyo ukiwa nje kwenye nyuzi 25 chini, hayo ndiyo maji ya moto uliyonayo.

Beba funguo ya skrubu za visu mfukoni. Zikaze nyumbani, kabla ya safari, kwa mikono yenye joto.

Ndani ya hema

Kwa kuwa mashine haina moshi, watu hujisahau na kufikiri hatari ya moshi imekwisha. Hita ya gesi bado imo humo ndani. Acha tundu la hewa juu na chini, na ununue kile kifaa kidogo cha kuonya kuhusu hewa ya sumu ya kaboni (kaboni monoksidi). Ukiumwa kichwa, toka nje kwanza, uliza maswali baadaye.

Leseni ni lazima ukishafika miaka 16, na hapa Minnesota kwenye barafu unaruhusiwa mishipi miwili. Sheria za Mille Lacs kuhusu walleye hubadilika, zisome kila msimu. Red Lake ya chini na sehemu kubwa ya ile ya juu ni mali ya taifa la Red Lake, watu wa Ojibwe, wenyeji asilia wa hapa, na mgeni hajiingilii.

Machi, barafu ikianza kuoza, osha keekee kwa maji safi, kausha, paka visu mafuta ya kupikia. Ya injini usipake, msimu ujao yataingia kwenye maji unayovulia. Betri zishushe mpaka nusu ya chaji hivi, zitoe kwenye mashine, ziweke kabatini penye ubaridi wa kawaida na pakavu, si gereji inayookwa na jua la Julai. Za drili, bila shaka, haziwekwi popote. Jumatatu zinarudi kazini.